Sare Aliyoiona Mwalimu

Mwalimu aliangalia mchezo wa chesi akiwa amefunga mikono mgongoni, kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni na hataki muuzaji ajue kwamba amempenda. Hakugusa kete ya mtu. Hata kete ikianguka miguuni pake, aliitazama tu mpaka mwenyewe ainame aiokote. Siku moja nilimwuliza sababu. "Mkono ikizoea kugusa," akasema, "itagusa hata ile haifai."

Nilimjua kwa miaka kumi na saba, na jina lake halisi nililisikia mara moja tu, likisomwa kanisani katika orodha ya wazee wa kanisa. Kwetu sote alikuwa Mwalimu. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, kisha akaendelea kutufundisha chesi kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa hapa Nyeri mjini, sisi watu wazima wenye kazi zetu pamoja na watoto wa shule waliovutwa zaidi na chai ya bure. Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko karibu na soko, na kwa miaka mingi nilikuwa mwanafunzi wake aliyejiona bora kuliko wengine. Naandika haya kwa sababu kuna jambo nililomfanyia, na kila nikijaribu kulisimulia kwa mdomo najikuta nalipunguza.

Ngome, ile kete inayokaa pembeni na kwenda moja kwa moja, yeye aliiita lori. "Lori inataka barabara," alituambia. "Ukiifungia kwa boma na ng'ombe, utalalamika ati haina nguvu." Askari aliyetangulia mbele aliitwa mzigo, na mahali pa lori ni nyuma ya mzigo, si mbele yake. Watoto walicheka, lakini hawakusahau. Sisi wengine tulipenda malkia na mashambulizi ya haraka. Yeye aliyapuuza hayo yote akangojea mwisho, pale kete zilipopungua wakabaki wafalme wawili, ngome mbili na askari wachache. Hapo ndipo alipovuta kiti karibu.

Mtu huyo aliyeweza kukaa wiki nzima na mkao mmoja wa kete hakuwa na subira na kitu kingine chochote. Ibada ikipita saa sita na nusu alianza kukohoa, na mhubiri alikijua kikohozi kile. Mkewe alimtuma sokoni akarudi na nusu ya vitu, kwa kuwa mwenye vitunguu alikuwa na wateja wawili mbele yake. Foleni ya kusagisha mahindi ilimshinda kabisa. Alikuwa akiacha gunia lake pale na kwenda kugombana na mtu kuhusu siasa, kisha anarudi na kushangaa kwamba zamu yake imepita.

Na kwenye drafti alikuwa mwizi. Hilo lazima niliseme, maana watu wakimsifu husahau. Yeye na wenzake wa rika lake walicheza drafti kwa vizibo vya soda nje ya duka moja kule Gatitu, na nilimwona kwa macho yangu akisukuma kizibo kwa mkono wa koti lake zito huku akimwuliza mwenzake habari za mvua. Nilipombana njiani, hakuona haya hata kidogo.

"Hiyo ni drafti," akasema. "Hao wote wanaiba. Nikikosa kuiba watafikiri niko mgonjwa."

Kwenye chesi mambo yalikuwa mengine. Klabu yetu haikuwa na saa za kutosha za kupimia mchezo, na ukumbi tulipewa mpaka saa kumi na moja jioni, kwaya ilipoingia. Kwa hiyo michezo ambayo haikuisha iliamuliwa, na mwamuzi alikuwa yeye. Alikaa upande wa meza usio na mchezaji, akaangalia. Mara nyingine ilimchukua dakika tano. Mara nyingine wanakwaya walianza kupanga viti vyao kutuzunguka naye bado anaangalia. Kisha akasema neno moja: ushindi, au droo, yaani sare. Baada ya hapo alimweleza aliyenuna, polepole, hatua kwa hatua, mpaka mtu mwenyewe akaona. Wachezaji walikuja na hasira zao kutoka Nanyuki, Karatina na Kiriaini, na yeye akisema droo, waliandika droo.

Kila uamuzi aliuchora katika daftari la hesabu lenye miraba: kete zilipokaa, nani na nani, wametoka mji gani, na sababu kwa mstari mmoja. Alikuwa na madaftari mengi ya namna hiyo. Nadhani ndiyo mali aliyojivunia kuliko shamba lake la kahawa, ingawa kahawa ndiyo aliyotuonyesha tulipomtembelea.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, miaka mitatu iliyopita.

Tulikuwa tukicheza na Nanyuki, na mchezo wa mwisho ulikuwa wangu na Halima. Halima alikuwa binti wa mfanyabiashara wa mifugo, baba yake akinunua mbuzi Doldol na kuwauza Nanyuki. Msichana mpole aliyecheza bila kuinua macho, hijabu yake ikigusa ubao kila alipoinama. Mmoja wetu angechaguliwa kwenda Nairobi kuwakilisha miji ya mlima. Yeye sare ilimtosha. Mimi nilihitaji kushinda.

Saa kumi na moja ilipogonga nilikuwa na mfalme, ngome na askari wawili. Yeye alikuwa na mfalme na ngome tu. Askari wangu walikuwa upande mmoja wa ubao, mmoja safu ya sita kutoka kushoto, mwingine safu ya nane ukingoni, na kati yao pengo la safu moja. Nilikuwa nimemzungusha kwa zaidi ya saa nzima. Mwalimu akaja, akaketi, akaangalia. Wanakwaya walikuwa mlangoni.

"Droo," akasema.

"Mwalimu, niko na askari wawili zaidi."

"Naona. Kuhesabu mpaka mbili nilifundisha mimi." Watu wakacheka. "Angalia. Lori yake iko mbali, iko na barabara. Mfalme yake imekaa mbele ya mizigo. Ukisukuma huyu, anakupiga cheki kutoka nyuma, mfalme yako ikimbie. Ukisukuma yule, anakupiga cheki kutoka kando. Hakuna mahali utapita."

Nilijua huenda ni kweli. Nilikuwa nimelihisi hilo kwa saa nzima. Lakini Nairobi ilikuwa mbele yangu, na mfukoni nilikuwa na simu yenye programu ya chesi iliyowashinda mabingwa wa dunia. Nikaitoa. Nikaziweka kete kwenye kioo kama zilivyokuwa mezani, nikaiuliza. Namba ikatokea: mbili nukta nane, upande wangu. Nikainua simu juu, kila mtu aione.

Niieleze namba hiyo kwa asiyejua chesi. Programu huangalia hatua nyingi mbele kuliko mtu yeyote, kisha hutoa makadirio kwa kipimo cha askari. Mbili nukta nane ni sawa na kuwa mbele kwa askari karibu watatu, na katika michezo mingi mtu aliye mbele hivyo ameshinda, mwenzake akubali tu waende nyumbani.

"Mashine haidanganyi, buda!" akapiga kelele kijana mmoja wa upande wetu.

Mwalimu akasogea karibu, mikono bado iko mgongoni. "Ngoja kidogo," akasema. "Hiyo namba inapanda?"

"Haina haja ya kupanda, Mwalimu. Imeshafika."

"Wacha icheze yenyewe, tuone kama inapanda."

Mwenyekiti wa klabu akatazama saa yake, akatazama wanakwaya. "Mwalimu, hatutaki kukukosea heshima," akasema, "lakini hii ni kompyuta."

"Mwalimu amesema droo," akasema Halima. Ndilo neno pekee nililomsikia akilisema siku ile, na hakuna aliyemjibu.

Hapo ndipo nikasema lile ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu kibandani, natoa sauti kama mtu aliyechomwa. Nilimgeukia mwenyekiti, nikasema, kwa sauti ya huruma kabisa, "Msimlaumu Mwalimu. Macho yanamsumbua siku hizi." Macho yake hayakuwa na shida yoyote. Alikuwa akisoma Biblia yenye herufi ndogo bila miwani.

Alinitazama kidogo. Kisha akafungua daftari lake, akachora ule mkao, na chini yake, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaandika kwamba nimeshinda. Jumamosi iliyofuata alikuja, akafundisha watoto, akanywa chai. Saa kumi na moja ilipofika na michezo miwili haijaisha, alivaa kofia yake na kusema, "Ulizeni simu." Hakuamua mchezo tena.

Mimi nilikuwa nimeshajua kabla ya Jumamosi hiyo. Jumanne, saa ya chakula cha mchana, nilikaa kibandani na sahani yangu ya githeri nikafanya lile aliloniomba: niliiacha programu icheze yenyewe pande zote mbili, kuanzia pale tulipoishia. Ilisogeza ngome huku, ikasogeza mfalme kule. Namba ikasema mbili nukta nane, ikasema mbili nukta sita, ikarudi mbili nukta nane. Hatua ishirini. Hatua thelathini. Ilikuwa kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango, huku akikuambia kwamba ameshaingia. Sheria ya chesi inasema hatua hamsini zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogea, mchezo ni sare. Ilipokaribia hamsini namba ikaanza kuporomoka, ikafika sifuri.

Nikaenda kwenye mtandao. Kuna jedwali huko ambalo halikadirii. Mikao yote ya kete saba au chini ya hapo imehesabiwa kutoka mwishoni kurudi nyuma, kila mmoja, na kila mmoja una jibu lake lisilo na shaka. Kete zetu zilikuwa sita. Nikaziingiza. Jedwali likajibu: sare. Baadaye nilisoma kwamba michezo ya ngome ndiyo inayozichanganya sana programu zikiwa zenyewe bila jedwali. Zinaona askari wa ziada, zinajaza namba, wala hazijui kwamba hakuna njia. Zile kubwa zimepunguza kosa hilo. Ile iliyokuwa kwenye simu yangu ilikuwa ndogo na ya zamani, na hata hiyo ingejisahihisha kama ningeipa muda ule aliouomba Mwalimu.

Nilimaliza githeri yangu. Mteja akaja na simu iliyoingia maji, nikaifungua. Nilijiambia nitasema nikirudi kutoka Nairobi. Nairobi nilipoteza michezo yote isipokuwa mmoja, na niliporudi nilijiambia kwamba adhabu hiyo inatosha.

Mwaka mmoja baadaye Mwalimu alikuja kibandani. Binti yake alikuwa amemnunulia simu ya kugusa, naye alikuwa ameishika kwa vidole viwili kama kitu chenye mafuta. "Niwekee ile yako," akasema. "Ile ya chesi."

Ningeweza kusema wakati ule. Tulikuwa wawili tu. Badala yake niliiweka. Nikamwonyesha jinsi ya kupanga kete, jinsi ya kusoma namba. Aliniuliza namba ipi ni droo na ipi ni ushindi, na mimi, ambaye nilijua, nikamwambia chini ya moja ni droo, ikipita mbili ni ushindi. Akaandika kwenye karatasi. Akaniambia asante, kijana, nimechelewa kujifunza lakini nitafika.

Sikuuliza anaitaka kwa nini. Niliona kama heshima kwangu. Ndivyo nilivyokuwa.

Nilikuja kujua mwaka huu. Mzee mmoja wa Kiriaini, mkulima wa majani chai aliyecheza nasi zamani, alileta simu yake kubadilishwa kioo, na akiwa anangoja akaanza kucheka.

"Ule mwalimu wenu ako sawa kweli?" akaniuliza. "Alikuja kwangu na mvua hiyo yote, amelowa mpaka kwa viatu. Ati amekuja kuniomba msamaha. Ati kuna gemu alininyima, akanipatia droo na mimi nilikuwa nimeshinda. Mimi hata nilikuwa nimesahau! Ametoa kitabu, akanionyesha, akatoa simu, akanionyesha. Mke wangu alimpikia, akakataa kula mpaka niseme nimemsamehe."

"Ukasema?"

"Nikasema. Na nikafurahi, si uwongo. Nimeambia watu wote huko kwamba nilikuwa nimemshinda yule bingwa wa Karatina." Akaniangalia. "Kwani unatokwa jasho, fundi?"

Madaftari yale yote. Alikuwa akiyapitia moja moja, akiuliza ile simu niliyomwekea, na kila mchezo wa ngome aliouamua vizuri, simu ilimwambia amekosea. Naye aliiamini, kwa sababu mimi nilimwambia aiamini.

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda nyumbani kwake Gatitu. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Nilimkuta ndani, ameketi mezani na koti lake, kofia kando, anajiandaa kwenda mahali. Mkewe akanikaribisha, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akakaa nasi. Sikuzunguka. Niliiweka simu mezani jedwali likiwa limefunguliwa, nikamwambia yote: mchezo wangu na Halima ulikuwa sare, simu ilikosea, yeye alikuwa sahihi, na jedwali hili halikadirii.

Alinyoosha mkono akachukua daftari, akafungua ukurasa wa mzee wa Kiriaini. "Weka hii."

Nikaweka. Sare.

"Hii ingine ya Karatina."

Sare.

Alikuwa ameshawatembelea watu kumi na mmoja. Michezo miwili ilikuwa na kete nyingi mno kwa jedwali. Minane ilikuwa sare kama alivyoamua. Mmoja tu alikuwa amekosea kweli, na alipouona huo uso wake ulichangamka, nadhani kwa sababu angalau safari moja kati ya zote haikuwa ya bure.

"Kwa hivyo hawa wengine," akasema, "nilikuwa naomba msamaha ya nini?"

Akalifunga daftari, akanigeukia.

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile, Mwalimu. Jumanne."

"Na ile siku uliniwekea hii kitu kwa simu yangu?"

"Nilijua."

Mkewe aliinuka. Kikombe changu kilikuwa kimebaki nusu, na kwa kawaida yake angekijaza. Alichukua chupa ya chai akarudi nayo jikoni. Nimetukanwa mara nyingi na wateja, lakini hakuna tusi lililonipata kama ile chupa.

"Nimekuja kuomba msamaha, Mwalimu."

"Msichana wa Nanyuki umemwambia?"

"Bado."

"Basi huku kwangu ulikuja mbele kwa nini?" Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama alivyowauliza watoto kwa nini wamesogeza kete fulani, akitaka kujua kweli. "Mimi ni mzee wa kanisa. Kusamehe ni kazi yangu. Nitakusamehe hata kabla hiyo chai ipoe, na wewe unajua hivyo. Ndiyo sababu umeanza hapa."

Nikainamisha kichwa. Alikuwa ameniona vizuri, kama alivyoona kila kitu.

"Uko na namba yake?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo miaka yote mitatu. Akangoja, na ilinibidi nipige hapo hapo mbele yake, akaniambia niweke sauti ya nje. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokewa nilisikia mbuzi kwanza, wengi, na wanaume wakibishana bei.

"Nani?"

Nikataja jina langu. Nikamwambia ni yule wa Nyeri, wa ule mchezo. Mbuzi wakaendelea kulia. "Halima, ilikuwa droo," nikasema. "Nilijua tangu wiki ile. Nilinyamaza. Nairobi ilikuwa yako."

"Mimi nilijua siku hiyo hiyo," akasema. "Na Mwalimu alisema. Ni nyinyi wengine hamkusikia." Nikangoja aniseme zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata niliyatamani. "Mwalimu bado ako?" akauliza.

"Niko naye hapa."

"Mpe simu."

Mwalimu aliichukua, akazima sauti ya nje bila kuniuliza jinsi, akaenda nayo mlangoni. Alisimama akitazama manyunyu, mkono mmoja mgongoni. Nilisikia akisema, "Hapana, hapana, hapo lori ibaki huko mbali, usiilete karibu," kisha akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ukumbini. Akamwuliza anacheza na nani siku hizi. Akamwuliza kama Jumamosi anaweza kufika.

Nilitamani sana kuondoka. Lakini simu aliyoishika ilikuwa yangu, ikabidi nikae pale mezani, na chai yangu ya baridi, mpaka wamalize.